Somo la 14: Ugonjwa wa Kifafa

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba ubongo hutawala viungo vyote vya mwili. Ubongo hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu. Amri hizo ni umeme mdogo sana, nao hupita kwa utaratibu. Je, ni nini hutokea utaratibu huo ukivurugika?

Kifafa ni nini?

Pengine chembe nyingi za ubongo hutoa umeme kwa pamoja bila utaratibu. Hapo mtu huanguka, hupoteza fahamu, hukakamaa, kisha viungo vyake hutikisika. Huenda akatokwa na povu mdomoni. Wagonjwa wengine hawaanguki, bali hukodoa macho na kunyamaza kwa muda mfupi. Mtu apatwaye na hali hii mara kwa mara ana ugonjwa wa kifafa.

Kifafa chaweza kuletwa na kuumia kichwa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, au mayai ya tegu yaliyoingia mwilini kwa chakula kichafu. Mara nyingi sababu haijulikani. Kifafa si laana wala uchawi. Tena hakiambukizi: huwezi kukipata kwa kugusa povu au mate ya mgonjwa.

Familia yenye mgonjwa

Fikiri juu ya familia moja ya wakulima. Mtoto wao wa miaka minne ana kifafa kikali. Zamani alianguka mara tatu au nne kwa siku. Siku moja aliangukia motoni. Majirani waliokuwapo waliogopa povu, wakasita kumgusa. Dada yake, mwanafunzi wa darasa la tano kama wewe, ndiye aliyemvuta. Mkono ulikuwa umekwisha kuungua.

Wazazi walimpeleka hospitali, akapewa dawa iitwayo fenobabitoni. Sasa huanguka mara moja au mbili kwa mwezi. Hajapona kabisa, kwa hiyo familia nzima imegawana kazi. Mama humpa dawa kila jioni, saa ile ile. Baba ameyazungushia mafiga ukuta mfupi wa udongo. Dada humwangalia, wala hamwachi aende mtoni peke yake. Bibi huchora alama ya mkaa ukutani kila mtoto aangukapo, ili mganga ajue kama dawa inafaa. Mtoto alipopata nafuu hawakuacha dawa, maana kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa kikali zaidi.

Matibabu

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, kulikuwa na wagonjwa wengi wa kifafa. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki kwa ajili yao. Wengi waliotibiwa walipata nafuu. Leo duniani wapo wagonjwa wapatao milioni 50. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi watu 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yafaayo.

Mwenzako akianguka, fanya hivi:

1. Usikimbie. Ondoa karibu naye moto, mawe na vitu vyenye ncha.
2. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Legeza nguo shingoni.
3. Usimzuie kwa nguvu. Usimtie kijiko, kijiti, maji wala dawa mdomoni.
4. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili apumue vema.
5. Kaa naye mpaka fahamu zimrudie. Mtikisiko ukizidi dakika 5, au ukianza tena kabla hajapata fahamu, mwite mtu mzima ili apelekwe hospitali upesi. Kama huna saa, hesabu polepole mpaka 300.

Usimcheke mwenzako azindukapo. Mpe kanga ajifunike, kisha umsindikize nyumbani.

Maswali

1. Ubongo wa mtu hufanya nini anapopatwa na kifafa?
2. Taja mambo mawili yanayoweza kuleta kifafa.
3. Kwa nini majirani walikosea kuogopa kumgusa mtoto?
4. Alama za mkaa zilimsaidiaje mganga?
5. Mtoto huyo atakapofikia umri wa kuanza shule, mwalimu na wanafunzi wafanye nini ili asome kwa usalama? Jadilianeni darasani, kisha andikeni mambo manne.