Dondoo muhimu: Safari ya ziwani msimu wa mvua Kigoma

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na huja na radi na upepo wa ghafla. Kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe hakuna barabara; ni boti tu. Sikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi, ahirisha, lala mjini Ujiji.

Jaketi okozi livae kabla boti haijaondoka bandari ya Kibirizi. Usilikalie kama mto: Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na dhoruba haipigi hodi. Nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze wala usimwongezee nauli. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Simu, dawa na kitambulisho vifunge kwenye mfuko usioingiza maji. Mwachie mwenyeji wako jina la boti na saa ya kufika. Tenga siku mbili za akiba, na pesa taslimu.

Radi ikianza, toka majini, wala usijikinge chini ya mwembe.

Dharura: 112. Zimamoto na uokoaji: 114. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, Kigoma mjini.