Utelezi Mweupe juu ya Mti wa Majini

Watu wengi hupenda kufuga samaki nyumbani, ndani ya sanduku la vioo. Kazi hiyo si mpya. Mwaka 1853, mjini London katika nchi ya Uingereza, ilifunguliwa nyumba ya kwanza ambamo watu wote waliweza kutazama samaki hai nyuma ya vioo. Siku hizi samaki wadogo wenye rangi nzuri, wazaliwa wa ziwa Tanganyika, wanafugwa hivyo mpaka Ulaya na Marekani. Watoto wa kando ya ziwa huwapita kila siku bila kuwatazama.

Mfugaji hutia mchanga na mawe ndani ya sanduku, na mara nyingi kipande cha mti pia, ili samaki wapate mahali pa kujificha. Mti unaofaa ni ule uliokufa zamani. Wakati wa masika mito huuchukua, mawimbi huusukuma huku na huku, kisha huutupa pwani, bila ganda, mkavu na mgumu. Lakini jambo moja huwashangaza wafugaji wapya. Siku tatu au nne baada ya mti kutiwa majini, juu yake huota kitu cheupe kama pamba, au kama ute wa yai. Ukiugusa, unateleza.

Hayo yaliwapata watoto wa darasa la tano katika shule moja karibu na ziwa. Sanduku lao lilikuwa na samaki wadogo kumi na wawili wa kijitoni. Mti aliuleta mtoto wa mvuvi, naye aliuchagua kwa bidii sana. Siku ya nne wenzake waliona ule utelezi mweupe, wakapiga kelele: « Mti wako una sumu! Samaki watakufa wote! » Wengine hawakutaka tena kukaa naye katika benchi moja. Mkubwa wa darasa akakimbia kuleta chupa ya javeli, ile inayofua nguo nyeupe, apate kuimimina ndani ya sanduku.

Mwalimu alimshika mkono mlangoni. « Ngoja kwanza, » alisema. « Je, kuna samaki aliyekufa? »

Wakahesabu: wote kumi na wawili walikuwa hai. Tena wakaona jambo jingine: samaki wawili walikuwa wanadonoa ule weupe na kuumeza.

« Basi, » akasema Mwalimu, « mnataka kutia sumu ndani ya chakula chao? »

Kweli, chupa ile ingeliwaua. Samaki hupumua kwa matamvua, na ngozi ya matamvua ni nyembamba mno. Javeli kidogo tu huiunguza. Sabuni nayo huiharibu. Mtoto wa mvuvi hakuleta sumu. Sumu ilikuwa mikononi mwa yule aliyetaka kusafisha.

Lakini weupe ule ni nini? Kila mtoto ameona mihogo iliyolowekwa majini: baada ya siku chache inalainika, inateleza, inanuka. Ameona pia ukungu juu ya mkate wa zamani. Vijidudu vidogo mno na mbegu za ukungu, zisizoonekana kwa macho, zimo kila mahali, hewani na majini. Zinatafuta chakula. Hata mti uliokauka bado una sukari kidogo ndani yake. Maji yanapouingia, sukari ile hutoka polepole, nao vijidudu na ukungu huja kuila. Wakiwa wengi sana, ndipo tunauona ule utando. Chakula kikipungua, nao hupungua. Kwa kawaida utando hutoweka wenyewe, pengine baada ya majuma mawili, pengine baada ya mwezi na zaidi.

Mwalimu aliwaagiza watoto kuutoa mti, kuusugua kwa brashi na maji safi matupu, na kuurudisha. Utelezi ulirudi mara mbili, kila mara mwembamba zaidi. Katika juma la tano mti ulikuwa safi. Maji yalikuwa na rangi kidogo kama ya chai, kwa sababu ya rangi ya mti. Nayo haidhuru samaki wa kijitoni.

Mtoto mmoja alitaka kwenda bwawani kutafuta konokono, kwa kuwa konokono hula utelezi vizuri. Mwalimu alimkataza. Maji ya bwawa wanamokaa konokono wa namna fulani huwa na wadudu wa bilarzia, wanaopenya ngozi ya mtu. Brashi yatosha.

Tusidhani lakini kwamba kila kitu cheupe hakina neno. Pamba nyeupe ikiota juu ya mwili wa samaki mwenyewe, hasa penye jeraha, huo ni ugonjwa, na samaki huyo atengwe. Samaki wakipanda juu asubuhi na kuvuta pumzi kwa midomo wazi, hewa ya majini imepungua: utando ukiwa mwingi mno huila hewa hiyo. Hapo uondolewe upesi, na robo ya maji ibadilishwe. Robo tu, si yote! Juu ya mawe na mchanga wanaishi vijidudu vyema vinavyogeuza uchafu wa samaki usiwadhuru. Mwenye kumwaga maji yote na kusugua kila jiwe huvifukuza vijidudu hivyo. Na mti ukilainika ndani na kunuka kama yai bovu, unaoza: utupwe.

Kabla ya kutia mti majini, afadhali kuuchemsha saa moja au mbili, kisha kuuloweka juma zima na kubadilisha maji kila siku. Hivyo sukari nyingi hutoka mapema. Miti mibichi haifai, wala miti yenye utomvu wa kunata au harufu kali, kama msonobari na mkaratusi. Mnyaa ni mbaya kuliko yote. Maziwa yake huua samaki, kama utupa uuavyo samaki mtoni.

MAULIZO
1. Kwa nini utelezi mweupe huota juu ya mti uliotiwa majini?
2. Mkubwa wa darasa alitaka kufanya nini, na kwa nini ilikuwa hatari?
3. Utaona dalili gani ukitaka kujua kwamba hewa ya majini imepungua?
4. Taja miti mitatu isiyofaa, na useme sababu.
5. Loweka kipande cha mti mkavu ndani ya chupa ya maji. Kitazame kila siku kwa juma mbili na uandike uonayo.