Jeli inayoonyesha utumbo unapovuja baada ya upasuaji

Daktari akikata sehemu ya utumbo yenye ugonjwa, huziunganisha ncha mbili zinazobaki. Kiungio hicho kikiachia hata kidogo, uchafu wa utumbo humwagika tumboni. Shida ni kwamba siku za mwanzo dalili hufanana na maumivu ya kawaida ya mshono. Ultrasaundi, na hata skani ya CT, huweza kukosa kuuona uvujaji mdogo. Homa inapopanda na tumbo kukakamaa, huenda maambukizi yameshaenea.

Machi 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walieleza katika jarida la Science njia ya kugundua tatizo hilo mapema. Walitengeneza kipande chembamba cha jeli chenye visahani vidogo vya metali ndani yake. Daktari hukiweka karibu na kiungio kabla ya kufunga tumbo. Majimaji yanayovuja hubadilisha kiwango cha asidi mahali hapo: ya tumbo la chakula yana asidi kali, ya kongosho ni kinyume chake. Yakiigusa jeli, huvimba, na visahani huachana. Ultrasaundi huviona visahani waziwazi, kwa hiyo mpimaji hutazama tu umbali kati yake. Hakuna betri wala waya. Baadaye kipande huyeyuka mwilini, na mgonjwa hapasuliwi tena ili kitolewe.

Kinachotia moyo ni kwamba kinachosoma jeli hiyo ni ultrasaundi, mashine ambayo akina mama wajawazito wanaijua vyema. Hata hivyo, majaribio yaliyoelezwa yalifanyiwa wanyama, wakiwemo nguruwe, kwa hiyo usiende hospitalini kuiulizia.

Kwa sasa, wa kwanza kugundua ni mgonjwa mwenyewe na anayemuuguza nyumbani, hasa wiki mbili za kwanza. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba, kutapika, moyo kwenda mbio au kushindwa kutoa hewa: rudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. (Wengi huona haya kutaja hilo la hewa. Daktari analihitaji sana.) Usiongeze dawa za maumivu ukingoja tarehe ya kliniki, kwani zinaweza kuificha homa. Beba karatasi uliyopewa uliporuhusiwa kwenda nyumbani, ili daktari wa zamu ajue ni sehemu gani iliyokatwa, na lini.