Safari ya Köln

Watoto, leo tusafiri pamoja mpaka mji wa kale wa Udachi, ndiyo nchi ya Ujerumani. Jina la mji ni Köln. Tufikiri kwamba tuko katika mwaka 1912.

Gari la moshi linapita polepole juu ya daraja kubwa la chuma. Daraja hili ni jipya: lilimalizika mwaka 1911. Chini yake unapita mto Rhein, wenye meli nyingi. Mara wasafiri wote wanatazama mbele. Wanaona nini? Minara miwili ya mawe, mirefu kupita nyumba zote.

Gari linasimama. Tunatoka nje, na kumbe, kanisa liko pale pale! Minara yake ina urefu wa metri 157. Ukitaka kuona ncha yake, shika kofia yako, isianguke.

Mzee mmoja anatuuliza: «Wanangu, kanisa hili lilijengwa kwa miaka mingapi?»

Tunajibu: «Labda miaka kumi, baba.»

Mzee anacheka. «Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1248. Kanisa la zamani lilikuwa limeungua, na watu wengi walikuja kuheshimu masalio ya Wafalme Watatu. Waashi walijenga, wakafa. Watoto wao wakajenga, wakafa nao. Yapata mwaka 1560 kazi ikasimama, feza zikakosekana. Juu ya mnara usiokwisha ulibaki mtambo wa mbao wa kuinulia mawe. Ulikaa hapo miaka kama 300.»

«Watu walisahau kazi, baba?»

«Hapana. Mchoro wa zamani wa minara ulikuwa umepotea. Mwaka 1814 nusu yake ilionekana Darmstadt. Mwaka 1816 nusu ya pili ilionekana Paris. Mwaka 1842 kazi ikaanza tena. Wakatoliki walitoa feza, Waprotestanti nao walitoa. Waashi wakafuata mistari ya babu zao. Mwaka 1880 kazi ikamalizika. Mimi nilikuwa kijana, nikaona kwa macho yangu.»

Mzee ananyamaza kidogo, kisha anasema: «Yule aliyeweka jiwe la kwanza hakuuona mnara. Lakini aliliweka sawasawa. Ndiyo sababu mnara umesimama.»

Sasa tuache mwaka 1912. Katika vita vya 1939-1945 mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mji. Kanisa pia lilipigwa mara nyingi, lakini halikuanguka. Hata leo waashi wako kazini, wanatengeneza mawe yaliyoharibika.

Maswali

1. Mto gani unapita Köln?
2. Kwa nini kazi ilisimama yapata mwaka 1560?
3. Waashi wa mwaka 1842 walijuaje namna ya kumaliza minara?
4. Hesabu: toka 1248 mpaka 1880 ni miaka mingapi?
5. Ungekubali kufanya kazi ambayo hutaona mwisho wake? Eleza.