SOMO LA WIKI: Milimita moja ya mafuta ni shilingi ngapi?

Mfanyabiashara wa mafuta ya jumla hulipia lita, lakini katika tangi kubwa la ghala hakuna anayezihesabu lita. Kinachopimwa ni kimo cha mafuta. Lita husomwa kwenye jedwali la tangi. Kosa dogo la kimo huwa kosa kubwa la fedha.

Chukua tangi la duara lenye kipenyo cha mita 30. Eneo lake ni kama mita za mraba 707, hivyo kila milimita moja ni lita 707. Tuseme bei ya jumla ni sh. 2,500 kwa lita. Aliyekosea milimita 5 amekosea lita zipatazo 3,530, yaani zaidi ya sh. milioni 8.8.

Njia ya zamani ni mpimaji kupanda juu ya tangi na kuteremsha utepe wenye timazi. Siku hizi maghala mengi makubwa yamefunga rada kwenye paa la tangi.

Rada hutuma mawimbi ya redio, yakagonga uso wa mafuta na kurudi. Kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi mita 15 huchukua sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ni vigumu kuupima muda huo moja kwa moja hadi kufikia milimita. Kwa hiyo rada hupandisha masafa ya mawimbi yake mfululizo. Mwangwi unaporudi, masafa yanayotumwa yameshapanda. Tofauti ya hayo mawili hutoa umbali: ikiwa kubwa, mafuta yako chini zaidi. Mitambo ya daraja la juu hutengenezwa kwa kosa la nusu milimita tu.

Hata hivyo, mnunuzi asilale. Mambo matatu ya kuuliza:

1. Joto. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita milioni moja zikipata joto la nyuzi moja zaidi, huonekana lita 1,000 ambazo hazikununuliwa.

2. Maji. Rada husoma uso wa juu. Maji yaliyotuama chini ya mafuta huhesabiwa kama mafuta, mpaka yapimwe peke yake.

3. Sufuri. Rada ikikosea milimita zilezile wakati wote, kosa hujifuta unapotoa kimo cha kabla kwenye kimo cha baada ya kupokea mzigo. Lakini katika hesabu ya mali iliyobaki mwisho wa mwaka, kosa hilo hubaki lote. Mwenye hisa asomapo mizania akumbuke hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini hati ya makabidhiano, dai kimo, joto na kipimo cha maji, vyote kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mafuta huanzia juu ya tangi.