"Umewahi Kufanya Nini?": Kujibu Swali la Uzoefu Katika Usaili wa Waigizaji

Kijana anayekwenda kufanyiwa usaili wa kuigiza hukesha akikariri maandishi aliyopewa. Kisha anaingia chumbani, na swali la kwanza halimo kwenye karatasi: "Umewahi kufanya nini?" Wengi Malindi na Kilifi hujibu, "Sijafanya kitu kikubwa, ni michezo ya shule tu." Msaili huandika alivyosikia, na nafasi huenda kwa mwingine.

Michezo ya shule si haba. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu hupanda ngazi kwa ngazi mpaka fainali ya taifa, na aliyepita hata ngazi moja amefanya mazoezi ya muda mrefu na kukosolewa na waamuzi mbele ya watu. Aliyecheza mwanzele katika kikundi cha ngoma anajua kuutumia mwili. Aliyetumbuiza wageni katika hoteli za Watamu amezoea kuliteka jukwaa mbele ya watu asiowajua, pengine kwa Kiitaliano. Hata kazi ya nyuma ya kamera ihesabiwe: Lupita Nyong'o, aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka 2014, alikuwa amefanya kazi miongoni mwa wasaidizi wa filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa hapa Kenya.

Jibu zuri hutaja kazi, nafasi aliyocheza mtu na alichojifunza. Mfano: "Nikiwa kidato cha tatu nilicheza mzee wa kaya. Nilikuwa na miaka 17, basi nikawa namtazama babu anavyoinuka kwenye kigoda. Mwamuzi alisema sauti yangu haifiki nyuma, na tangu hapo nafanya mazoezi ya pumzi." Halizidi nusu dakika. Msaili ameshajua kwamba huyu huchunguza watu na hukubali kurekebishwa.

Asiye na uzoefu wowote aseme hivyo bila kuomba radhi, kisha ataje anachokiweza. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, hakuwa amewahi kuigiza katika filamu alipojitokeza kwenye usaili wa wazi mjini Minneapolis, Marekani. Alipewa nafasi katika Captain Phillips ya mwaka 2013, na akateuliwa kuwania Oscar.

Kutia chumvi ni jambo jingine. Fani hii ina watu wachache. Mpambaji au fundi wa sauti wa leo huenda alikuwepo kwenye tamthilia ile ambayo kijana anadai alikuwa mhusika mkuu, naye alipita tu sokoni na kikapu. Kupita na kikapu ni kazi halali, na itajwe kwa jina lake: mwigizaji wa ziada. Hatari zaidi ni kudai ujuzi wa mwili. Anayejisifu kuwa mwogeleaji hodari, siku ya kupiga picha atashushwa kwenye mtumbwi katika maji ya kina kirefu, na hapo uongo unaweza kugharimu uhai.

Mazoezi hayahitaji pesa. Kijana ajirekodi kwa simu akijibu swali hilo, asikilize, ahesabu ni mara ngapi amesema "tu" na "kidogo", ayaondoe maneno hayo, kisha arekodi tena. Akimaliza kujibu anyamaze, amwache msaili aulize linalofuata.