SOMO LA WIKI: Ghala la umeme hupimwa kwa upotevu wake

Mfanyabiashara wa mpunga wa Ifakara hununua wakati wa mavuno, huhifadhi, huuza bei inapopanda. Faida yake hutegemea mambo mawili: tofauti ya bei, na kiasi kinachopotea kwa panya na unyevu. Kanuni hiyo ndiyo ya kupimia miradi ya kuhifadhi umeme, ambayo siku hizi inanadiwa kwa wawekezaji duniani kote.

Umeme mwingi hauhifadhiki ukiwa umeme. Sharti ugeuzwe kitu kingine. Njia inayosifiwa sana ni haidrojeni. Umeme wa jua au upepo uliozidi mahitaji hutumika kutenganisha maji, gesi huhifadhiwa, kisha huchomwa kuzalisha umeme tena. Ukiingiza uniti 100, kwenye gesi hubaki kama 65 au 70. Ukirudisha umeme, unapata kama 35. Tuchukulie uniti moja imenunuliwa kwa sh. 100: inayotoka imegharimu karibu sh. 300, kabla ya kulipia mitambo. Haidrojeni ikigeuzwa kuwa methani, upotevu huongezeka.

Kilombero inafahamu ghala la aina nyingine. Kituo cha Kidatu, chenye megawati 204, hutegemea maji ya Ruaha Mkuu yaliyotunzwa katika bwawa la Mtera. Maji hayo huzalisha kwanza Mtera, megawati 80, kisha hushuka Kidatu kuzalisha tena. Mali moja, mauzo mawili. Mto Kilombero nao hupeleka maji yake Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Jua likitoa umeme mchana, maji yanaweza kubakizwa bwawani hadi usiku. Kinachopotea ni mvuke tu.

Dosari ya ghala hili ni kwamba hujazwa na mvua. Mwaka 2006 kina cha Mtera kilishuka vibaya na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mwenye mashine ya kukoboa anajua maana yake: mpunga upo, mchele hakuna. Hapo ndipo haidrojeni ina hoja, kwani gesi hukaa miezi bila kungoja masika.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha uliza: zikiingia uniti 100 zinatoka ngapi, na bei ya kuuzia inazidi ya kununulia mara ngapi? Kwa haidrojeni, chini ya mara tatu ni hasara. Uliza pia kama gesi itauzwa ikiwa gesi, kwa mfano kutengenezea amonia ya mbolea. Huko hukwepi tu upotevu wa pili. Unamkuta pia mnunuzi aliyepo tayari, mkulima.